Jumanne ya Kompyuta

Mtaani walimwita Mchapaji. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akichapa barua na maombi ya kazi ya watu katika chumba kidogo kinachotazamana na zahanati. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mteja akianza kusema "Kwa heshima na taadhima," yeye amekwisha kuandika, anangoja yanayofuata.

Mume wake alikuwa fundi friji. Asubuhi walitoka pamoja, mume na mfuko wake wa spana, mke na chupa yake ya chai. Kila Jumapili walikwenda kumjulia hali mama mkubwa. Huyu alikuwa dada wa marehemu mama yake Mchapaji. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na Mchapaji alimwita mama bila kuongeza neno.

Kazi ya kuchapa ilikuwa imepungua. Watu waliandika barua zao wenyewe kwenye simu. Siku moja jirani yao wa ghorofa ya chini akamwambia, "Dada, vidole hivyo visilale. Njoo Jumamosi maktaba. Ninafundisha kutengeneza kurasa za mtandao."

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa kompyuta. Wanafunzi walimpa jina la Nukta, kwa sababu zoezi likikosa hata nukta moja alilirudisha.

"Kompyuta haikisii," aliwaambia siku ya kwanza. "Mimi nikimwambia mume wangu 'niletee ile nanihii,' ataleta chumvi. Kompyuta inafanya ulichosema. Ulichotaka haikijui."

Walianza na ukurasa mdogo: kichwa cha habari na aya moja. Kila kitu kilikuwa na alama ya kufungua na alama ya kufunga. Mchapaji alipomweleza mumewe, mumewe akacheka.

"Kumbe ni kama mlango wa friji," alisema. "Ukifungua usipofunga, vya ndani vinaharibika."

Mazoezi ya mwanzo aliyafanya vizuri. Kisha yakaja ya kuandika maelekezo ili ukurasa ufanye kazi wenyewe. Hapo akaanza kupotea. Darasani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na aliona haya kuuliza mbele ya watu wa rika la wanawe. Akagundua kwamba mtandaoni yapo maelekezo yaliyokwisha kuandikwa. Akawa anayanakili, anayabandika, anabadilisha maneno mawili matatu. Kazi ikawa inapendeza. Wenzake wakamsifu. Nukta naye akampa alama nzuri bila kumhoji. Mficha uchi hazai, lakini nani alijua kuwa anaficha?

Zoezi la tisa lilisema hivi: kwa siku saba, iulize kompyuta leo ni siku ya ngapi, uandike jibu kwenye daftari.

"Mwalimu," Mchapaji alisema, "nina miaka arobaini na mitatu. Siku za wiki nazijua."

"Zako unazijua," Nukta akajibu. "Za kompyuta je?"

Darasa likacheka, naye akacheka. Zoezi hakulifanya.

Mwezi huohuo muuguzi mkuu wa zahanati akavuka barabara, akaja kwake.

"Nasikia unatengeneza kurasa siku hizi. Mtaalamu wa macho anakuja kwetu Jumanne tu. Watu wanakuja siku yoyote, wanarudi bure. Tusaidie."

Mchapaji akafurahi. Aliahidi ukurasa utakaosema wenyewe, kila siku, kama mtaalamu yupo au hayupo. Nukta alipopata habari akamwambia, "Hongera. Nionyeshe kabla hujaupeleka."

"Nitakuonyesha," alisema. Moyoni alitaka amshtue mwalimu wake kwa kazi iliyokwisha.

Akanakili maelekezo ya duka fulani. Pale palipoandikwa siku ya kufunguliwa, akaweka 4. Jumanne ni nne. Jina lenyewe linasema. Maelekezo yakawa na maana hii: kama siku ni ya 4, andika "LEO MTAALAMU WA MACHO YUPO." Kama siyo, andika "LEO HAYUPO."

Ilikuwa Jumamosi. Akaufungua ukurasa, ukasema LEO HAYUPO. Ni kweli, Jumamosi mtaalamu hayupo. Akaridhika, akaukabidhi.

Kesho yake, kwa mama mkubwa, alimkuta mama ameshika jicho la kulia kwa kiganja.

"Linauma tangu juzi," mama alisema. "Na taa nikizitazama, naona duara za rangi zikizizunguka."

"Uende kwa mtaalamu, mama. Huna haja ya kubahatisha siku. Ngoja nikuwekee ukurasa wangu kwenye simu yako. Nimeyakuza maandishi, utayaona."

Mama akatazama yale maandishi makubwa, akatabasamu. "Umeandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Jumapili iliyofuata mama aliwaambia kwamba alikwenda, hakumkuta mtaalamu. "Labda kasafiri," alisema. Jumapili ya baada ya hapo akasema vilevile. Mchapaji akamshauri avute subira. Hakuuliza alikwenda siku gani. Swali lenyewe lilikuwa na maneno matatu tu, na baadaye aliyarudia peke yake mara nyingi: ulikwenda siku gani?

Jumanne moja mchana, muuguzi mkuu alisimama mlangoni pake.

"Nina jambo silielewi. Mtaalamu yupo tangu asubuhi, amewaona watu wanne. Jumanne iliyopita watatu. Halafu Alhamisi mlinzi anashinda akiwarudisha watu getini."

Mchapaji akafungua ukurasa. Ng'ambo ya barabara aliliona gari la mtaalamu limeegeshwa. Kwenye kioo cha kompyuta aliona maandishi yake makubwa: LEO HAYUPO.

Akamfikiria mama. Akampigia mumewe, akamwambia aache friji la watu aje na gari.

Walimkuta mama mkubwa ameketi kitandani. Hakugeuka walipoingia upande wake wa kulia. Walimpeleka moja kwa moja. Mtaalamu alimpima kwa muda mrefu, kisha akamwita Mchapaji pembeni.

"Hii ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshapoteza nuru, na haitarudi. La kushoto tutalilinda. Aweke dawa kila siku, asikose."

"Angekuja wiki mbili zilizopita, daktari?"

"Siwezi kukuapia kwamba tungeliokoa. Lakini ugonjwa huu haungoji. Kila siku ilikuwa na thamani yake."

Ndani ya gari Mchapaji alisema, "Mama, kosa ni langu. Ukurasa ulikuwa unadanganya."

"Alhamisi ya kwanza mlinzi aliniambia mtaalamu hayupo," mama mkubwa alisema. "Nikamwambia, mwanangu ameandika yupo. Alhamisi ya pili nikaenda tena. Mlinzi akanicheka. Nilimwona yeye ndiye asiyejua kazi."

Hakusema kwa hasira.

Jioni hiyo aligonga mlango wa Nukta. Akamwambia yote, na kuhusu kunakili pia. Nukta akavuta kiti, akaufungua ukurasa, akayasoma maelekezo mstari kwa mstari.

"Hii nne umeitoa wapi?"

"Jumanne."

Nukta akafumba macho kidogo. "Dada yangu, sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, tunakwenda hivyo hadi Jumanne, ya nne. Kompyuta inaanza Jumapili. Tena haianzi na moja, inaanza na sifuri. Jumapili sifuri, Jumatatu moja, Jumanne mbili."

Mchapaji akamalizia kwa vidole. "Jumatano tatu. Alhamisi nne."

"Ndiyo. Kompyuta ilikutii. Ulisema nne, ikakupa nne yake."

"Zoezi la tisa."

"Zoezi la tisa," Nukta alikubali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nina lawama. Kazi zako zilipendeza, nikakupa alama. Sikuwahi kukuuliza inafanyaje kazi."

Mchapaji akauliza, "Sasa nibadilishe nne iwe mbili, yaishe?"

"Utabadilisha, ila hayataisha hapo. Kwanza nakili faili zima uliweke kando, tukiharibu tuwe na pa kurudia. Badilisha kitu kimoja. Halafu ujaribu siku zote saba."

"Tungoje wiki nzima? Watu wanazidi kupotea."

"Hatungoji. Tunaiandikia kompyuta namba ya siku sisi wenyewe. Tunaiambia leo ni sifuri, tunaona inasemaje. Tunaiambia leo ni moja. Na kabla ya kila jaribio, unaniambia utaona nini. Ukikosea kukisia, ujue kuna kitu hujakielewa. Hapo ndipo pa kusimama."

Wakajaribu. Mchapaji alitamka jibu kila mara kabla ya kubonyeza. Hayupo. Hayupo. Yupo. Hayupo, mpaka Jumamosi. Kisha Nukta akamwambia aongeze mstari usiohitaji hesabu: "Mtaalamu wa macho anakuja kila Jumanne." Ukurasa ukikosea tena, msomaji ataona mambo mawili yanapingana, naye atauliza. Chini yake wakaweka namba ya simu ya zahanati.

Kulipokucha Mchapaji hakuubandika ukurasa kimyakimya. Alimpa muuguzi mkuu ausome. Akampa na mlinzi.

Mlinzi aliusoma polepole. "Sasa ndiyo kweli," alisema. "Wale wa Alhamisi niliona ni wakaidi. Wengine nilikuwa nawafokea. Yule mama mmoja nilimcheka."

"Yule ni mama yangu," Mchapaji alisema.

Mlinzi akainamisha uso. Baadaye alimsaidia kuwakumbuka watu aliowarudisha getini. Walifika wanane. Muuguzi aliwapigia simu wale aliokuwa na namba zao, na Mchapaji akawafuata wengine kwa miguu. Sita walipatikana. Wawili hawakujulikana walikokwenda.

Jumanne iliyofuata foleni ilijaa barazani. Mtaalamu aliwaona watu ishirini na mmoja. Mmoja wao, dereva wa lori, alikutwa na presha ya macho iliyokuwa ndiyo inaanza. Alipewa dawa mapema, na macho yake yote mawili yakanusurika. Muuguzi alivuka barabara kwenda kumpa Mchapaji habari hizo. Mchapaji alishukuru. Alifurahi kweli, lakini furaha yake haikukaa muda mrefu.

Alirudi kwenye zoezi la kwanza, akayafanya yote upya kwa vidole vyake mwenyewe, bila kunakili. Darasani akawa mtu wa maswali. "Mwalimu, hapa sijaelewa," alisema, na vijana walioogopa kusema hivyo wakapata pa kujificha nyuma yake. Miezi sita baadaye alikuwa akitunza ukurasa wa zahanati na wa maktaba. Kila badiliko alilijaribu na kumpa mtu mwingine alisome kabla ya kulitoa.

Mtu wa kwanza kusoma alikuwa mama mkubwa. Mchapaji alikwenda kwake kila jioni kumwekea dawa kwenye jicho la kushoto, kisha akafungua simu.

"Mama, soma hapa uniambie umeelewa nini."

Mama alisoma kwa sauti, akauliza, wakati mwingine akakosoa. "Neno hili gumu. Weka jingine." Mchapaji akabadilisha palepale.

Jioni moja aliketi karibu naye, akamwonyesha ukurasa mpya, akasubiri. Mama mkubwa alisikia pumzi yake, akanyoosha mkono kumtafuta, akagusa bega.

"Hamia upande huu, mwanangu," alisema. "Huko sikuoni."

Mchapaji akainuka, akazunguka, akaketi kushoto.