Mlango wa Nyumba za Kinu

Mimi hadithi za mizuka hunichosha, lakini Mung'aro ni seremala mwenzangu, na uongo si tabia yake.

Zamani mwenye kinu cha unga aliwajengea wafanyakazi wake nyumba za safu, kwa sharti moja: hakuna kuingia ndani na unga mwilini. Kila jioni wanaume walisimama mlangoni wakikung'uta nguo. Kinu kilikufa, watu wakahama. Juzi nyumba zilipotakiwa kubomolewa, Mung'aro akanunua mlango mmoja wa mvule, akaenda kuung'oa.

Ilikuwa alasiri, ila madirisha yalipigiliwa mbao, na mle ndani alipapasa misumari kwa vidole. Akasikia pu, pu, pu. Nguo ilikung'utwa kwenye nyumba ya mwisho ya safu. Kisha kwenye nyumba inayofuata. Sauti ikasogea mlango kwa mlango hadi ikafika pale alipo, ikanyamaza.

"Hodi," ikasema sauti ya mtu aliyechoka.

"Karibu," akajibu Mung'aro. Mtu aliyelelewa pwani haachi hodi ipite bila jibu.

Hakuingia mtu. Alipochungulia nje, safu nzima ilikuwa tupu. Akaubeba mlango wake, akautia kwake Makadara siku ile ile.

Asubuhi mkewe, Mbeyu, alimwamsha na ufagio mkononi.

"Baba Joy, huyo mgeni wako hana adabu? Nguo za unga hukung'utiwa nje."

Mung'aro akatazama mlangoni. Komeo lilikuwa bado limefungwa, na unga mweupe ulikuwa umetapakaa kizingitini, upande wa ndani.