Rubani Anayepiga Hodi

Sogeeni, watoto. Tegeni masikio vizuri. Ndani ya hadithi hii kuna mtu anagonga.

Lugano ni msichana wa miaka sita. Ana pengo moja mbele. Anakaa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na ukungu mwingi.

Ukungu wa Tukuyu hauna adabu. Kila mchana unashuka Mlima Rungwe. Unapita kwenye migomba. Unakuja mpaka dirishani, unachungulia ndani.

Baba yake Lugano ni fundi saa. Anafanyia kazi sebuleni. Mezani kwake pana kibano, kioo cha kukuzia vitu, na saa nyingi.

Tiki, tiki, tiki, zinasema saa.

Siku moja shangazi alituma boksi. Nje ya boksi palikuwa na picha ya chombo cha angani. Ndani ya boksi palikuwa na vipande, vipande, vipande.

Mabawa yalikuwa huku. Mkia ulikuwa kule. Na chini kabisa alilala rubani mmoja wa plastiki, mdogo kama punje ya mahindi.

Lugano na Baba wakaanza kazi. Kata. Piga msasa. Paka gundi. Ngoja ikauke. Kila siku kidogo, mpaka zikafika siku ishirini.

Chombo cha kwenye picha kilikuwa cheupe, kisafi, kama hakijawahi kutoka nyumbani. Lugano hakukitaka hicho. Alitaka chombo kilichosafiri.

Basi akakipaka rangi ya kijivu, kijivu kile cha ukungu. Akakipaka matope kidogo tumboni. Kifuniko cha dawa ya meno kikawa bomba la moshi.

Baba akampa vigurudumu vya saa mbovu. Lugano akavibandika kwenye injini, kimoja kimoja, kwa kibano. Ulimi ulikuwa umetoka nje, si unajua kazi ya kibano.

Akabaki rubani. Lugano alimfunga skafu nyekundu ya uzi. Akamkalisha kitini kwa tone la gundi.

Baba alisema waache gundi ikauke mpaka kesho, ndipo wafunge chombo. Kisha akatoka kumpelekea mteja saa yake.

Lugano alingoja. Alingoja kidogo. Alingoja kidogo sana.

Halafu akapaka gundi kingoni, akafunga chombo. Hakumwambia mtu.

Kesho yake mchana, chombo kilikuwa dirishani. Ukungu ukashuka. Ukaja, ukachungulia.

Tiki, tiki, tiki, zilisema saa. Mara zikanyamaza. Zote.

*Ngo, ngo, ngo.*
*Nani huyo?*
*Kimya.*

Lugano alifungua mlango wa nje. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu tu, mweupe, umesimama.

Aliporudi, saa zilikuwa zinatembea tena. Lugano akajiambia ni mvua. Lakini mvua haikuwepo.

Siku ya pili, ukungu ukashuka. Ukaja, ukachungulia. Saa zikanyamaza, zote.

*Ngo, ngo, ngo.*
*Nani huyo?*
*Kimya.*

Safari hii Lugano hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani, polepole, kwa ncha za vidole. Akaweka sikio kwenye chombo.

Chombo kilikuwa cha baridi, kama kimetoka mbali. Na kugonga kulikuwa kunatoka ndani yake.

Lugano aliruka nyuma. Alikimbia mpaka jikoni, akajificha nyuma ya Baba. Akamwambia yote.

Baba alimuuliza kama gundi ya rubani ilikauka kabla hajafunga chombo. Lugano akatazama vidole vyake vya miguu. Akasema haikukauka.

Baba hakumgombeza. Alisema basi rubani amebanduka kitini, anagongagonga humo ndani.

"Lakini Baba, hakuna aliyekitikisa," alisema Lugano.

Baba akachukua kioo chake. Akachungulia dirisha dogo la chombo. Akachungulia muda mrefu. Kiti kilikuwa kitupu.

"Anayegonga anapiga hodi," alisema Baba.

"Hodi inapigwa na mtu aliye nje. Huyu yuko ndani."

"Kwako wewe yuko ndani. Kwake yeye, labda sisi ndio tuko ndani. Ametoka mbali, amefika kwetu. Sasa mgeni anapiga hodi mara ngapi, mama?"

"Mara tatu."

"Asipoitikiwa?"

Lugano alijua. Watoto wote wanajua. Asipoitikiwa, mgeni anaondoka zake.

Lugano akahesabu kwa vidole. Hodi moja jana. Hodi moja leo. Imebaki moja. Rubani akiondoka, ataondoka na chombo. Na huko aendako atasema nyumbani kwa kina Lugano hawakaribishi wageni.

Lugano alisema kesho ataitikia karibu. Lakini karibu ya wapi? Chombo hakikuwa na mlango. Alikifunga mwenyewe, kwa gundi, pande zote.

Kumpa rubani mlango ni kukata ubavu wa chombo. Ubavu ule wenye rangi nzuri ya ukungu. Lugano alilia kidogo. Alikipenda chombo chake hivyo hivyo kilivyo.

Baba alimwambia chombo ni chake, aamue mwenyewe. Alama ya kisu haitafutika.

Usiku kucha Lugano alilala na jambo hilo. Asubuhi alikunywa chai nalo.

Siku ya tatu, ukungu ukashuka. Ukaja, ukachungulia. Halafu ukaingia ndani, kwenye upenyo wa dirisha, taratibu.

Saa zikanyamaza, zote.

Mkia wa chombo ukafifia. Lugano akaunyooshea kidole. Hakuugusa mkia, aligusa baridi tu.

Bawa moja likafifia. Bawa la pili likafifia.

"Baba," alisema Lugano, "lete kisu kidogo."

Mkono wa Lugano ulishika kisu. Mkono wa Baba ukashika mkono wa Lugano. Wakakata pamoja.

Kwaru, kwaru. Upande mmoja.

Ngo.

Kwaru, kwaru. Upande wa pili. Kijivu kizuri kikadondoka kama vumbi.

Ngo.

Kwaru, kwaru. Upande wa tatu. Bomba la moshi lilikuwa halionekani tena.

Ngo.

"Karibu," alisema Lugano. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia, safari hii kubwa. "Karibu ndani."

Tap. Upande wa nne ukakatika wenyewe, kipande kikadondoka dirishani. Pakabaki tundu jeusi, la mraba.

Tunduni ukatoka upepo mdogo wa baridi. Ulipita shavuni kwa Lugano. Ulipita kwenye meza ya saa.

Tiki, ilisema saa moja. Tiki, tiki, tiki, zikasema zote.

Ukungu ukarudi nyuma, ukatoka ulikoingilia. Mkia ukaonekana. Mabawa yakaonekana. Chombo kilikuwa dirishani, kizima, na tundu ubavuni.

Lugano alitazama ndani ya tundu. Hakuna rubani. Baba alitazama kwa kioo. Hakuna rubani. Walikiinamisha chombo, wakakitikisa. Hakikudondoka kitu.

Lugano hakuogopa sana. Mgeni amekaribishwa, na mgeni akikaribishwa anapewa chai. Akamimina tone la chai kwenye kizibo cha soda. Akakiweka dirishani.

Kisha akafanya kazi ya fundi. Kile kipande kikawa mlango. Kitambaa chembamba kikawa bawaba. Njiti za kiberiti zikawa ngazi, vidato vinne.

Alama ya kisu aliiacha. Alitaka chombo kilichosafiri, na sasa kilionekana kimesafiri kweli.

Jioni wakala. Lugano akanawa miguu, akasema anakwenda kulala. Baba akazima taa ya meza yake ya kazi. Mara akaiwasha tena.

"Lugano. Njoo taratibu."

Katikati ya saa zote, juu ya saa moja ya mviringo, amekaa mtu mdogo kama punje ya mahindi. Ana skafu nyekundu. Miguu yake inaning'inia.

Baba hakumweka pale. Lugano hakumweka pale.

Wakaenda kutazama kizibo. Chai ilikuwa imebaki nusu.

Lugano alifurahi mpaka pengo likaonekana. Alimsogelea rubani, akamnong'oneza.

"Lala hapa tu. Ukitaka kwenda, mlango uko wazi."

Halafu akapanda kitandani. Baba akamfunika blanketi zito la Tukuyu. Tiki, tiki, tiki, zilisema saa. Lugano akalala fofofo.

Rubani hakwenda mbali. Siku nyingine yuko kwenye ngazi. Siku nyingine yuko mezani. Na kila asubuhi, chai ya kizibo imepungua.

Nami hadithi yangu nimeifikisha mlangoni, naiacha hapo. Sasa funikeni miguu. Fumbeni macho. Na mkisikia kitu kinagonga, polepole, ndani ya kabati la vitu vya kuchezea,

*ngo, ngo, ngo,*

mnajua la kujibu.