Kabati Lililofungwa kwa Kufuli

Kila jioni akitoka shule, Nella alifua shati lake la sare, maana alikuwa na hilo moja tu, akalianika nyuma ya nyumba yao ya Kibenga, karibu na ziwa. Ulikuwa mwezi wa nne na mvua haikatiki. Shati halikuwahi kukauka vizuri, lakini Nella, mvivu wa kungoja, alilikunja likiwa na unyevu, akalisukuma kabatini na kufunga mlango.

Humo kabatini mlikuwa na imvutano nyeupe ya mama yake, lile vazi la sherehe, ambalo Nella angevaa Jumamosi kwenye arusi ya mjomba Sylvère. Jumatatu alipofungua ili alitazame, loo! Upindo mzima ulikuwa na madoa meusi, madogo madogo.

"Orlane! Umeshika nguo hii na mikono yako ya makaa!"

Orlane alikuwa binti wa shangazi yake wa Carama. Alikuja kwao ili asome, na walilala chumba kimoja. Ndiye aliyewasha jiko la makaa kila asubuhi.

"Apana, Nella. Mi sijafungua kabati lako hata siku moja."

"Basi madoa yana miguu? Yametembea yenyewe?"

Nella aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, akarudisha nguo kabatini. Kesho yake madoa yalikuwa palepale, tena na wenzao. Hapo hasira zikampanda. Alitafuta kufuli la zamani la baba, akafunga kabati kwa siku mbili nzima, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Shati la sare akalianika ukutani. Orlane aliutazama ufunguo ule. Alhamisi mchana alikusanya nguo zake mfukoni, akamwambia mama yake Nella kwamba anataka kurudi Carama, shule aiache.

"Aende tu," Nella alinung'unika, akafungua kufuli.

Harufu nzito ilimpiga puani. Madoa yalikuwa yamepanda hadi mabegani mwa imvutano, na viatu vyake vya kanisani vimeota manyoya ya kijani. Nella akaduwaa. Ufunguo haukutoka shingoni mwake hata alipolala! Sasa nani aliingia? Alipitia wapi? Akaogopa kweli.

"Mama! Njoo uone, mi sielewi kitu!"

Mama aliingia, akanusa, akapitisha mkono nyuma ya kabati. Ukuta ulikuwa umelowa.

"Hii ni kuvu, Nella, kama ile ya kwenye mkate. Inapenda unyevu na mahali pasipo hewa. Lakini ndani humu unyevu umetoka wapi?"

Nella aliinamisha kichwa. Angeweza kusema hajui. Alimwona Orlane mlangoni, mfuko mkononi, macho mekundu.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naweka shati kabla halijakauka. Halafu nikafunga kabisa."

Kazi ikaanza. Walivuta kabati mbali na ukuta, wakafunga vitambaa puani, wakasugua mbao kwa siki, wakaacha milango wazi. Nguo zilifuliwa kwa maji moto na sabuni, zikaanikwa jua lilipochomoza. Madoa ya imvutano yalififia, hayakutoka yote.

"Utaivaa hivyohivyo," mama alisema. "Na ukiulizwa, utasema ukweli. Ulimhukumu ndugu yako bila kuchunguza, na uvivu ulikuwa wako. Siku nyingine kausha nguo, fungua madirisha, na ukiona jambo hulielewi, uliza kwanza. Sasa, una la kumwambia Orlane?"

"Nisamehe, Orlane," Nella alisema, machozi yakimtoka. "Nilikusingizia. Usiende."

Orlane aliingia, akasimama kando ya kitanda chake.

"Uliniumiza sana," alisema. Kisha akauweka mfuko chini, akaanza kutoa nguo zake moja moja.