Miwani Iliyogoma Kuanguka

Miwani haikuanguka. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na lilikuwa dogo kiasi kwamba hata mtu aliyelala vizuri angelipuuza, sembuse muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akaja dukani moja kwa moja na sare yake.

Muuza duka alikuwa amemweleza taratibu. Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua. Unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta hewa kwa pua, unaachia mikono. Ikishika, imekutosha. Ukitoa pumzi huanguka, maana kinachoishika ni mvuto wa pua yako tu.

Muuguzi alivuta hewa, ikashika. Akatoa pumzi yote, kama anavyowaamuru wagonjwa. Bado ikashika. Kifua kilikuwa kimekwisha hewa na ule mpira laini ungali umemng'ang'ania mashavuni, ukivuta.

Muuza duka aliibandua kwa kucha. Watu walimwita Mapezi kwa ukubwa wa nyayo zake na kwa miaka thelathini aliyozamia kabla magoti hayajamgomea. "Jaribu nyingine, dada," alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Hii imenitosha."

"Imekutosha kupita kiasi. Ninazo kumi na mbili hapa."

"Nifungie hii."

Si kwamba alikuwa jasiri. Miezi minne ilikuwa imepita tangu mdogo wake awatoke, kama watu wasemavyo, na tangu siku hiyo muuguzi hakuwa ameogopa, wala kucheka, wala kudondosha chozi. Kuzamia hakukuwa wazo lake. Mdogo wake ndiye aliyewaandikisha wote wawili, kwa sababu mafunzo ya pale bwawani huchukua watu wawili wawili, na bwawa lilipopiga simu kutaja siku ya kuanza, muuguzi aliitikia kama anavyoitikia zamu.

Mapezi aliendelea na kazi. Anayeanza, alisema, asibebe duka zima: mtungi wa hewa na jaketi la kuubebea ataazimwa bwawani. Anunue miwani, viatu, mapezi ya miguuni yasiyobana vidole, na kipumulio chake mwenyewe, maana kitu cha kutia mdomoni hakiazimwi. Kipumulio kilikuwa na midomo miwili, mmoja mweusi, mmoja wa njano.

"Mweusi ni wako. Wa njano ni wa mwenzako, akiishiwa hewa huko chini. Huwezi kumnyima." Akatazama orodha ya bwawa aliyokuja nayo muuguzi, yenye majina mawili. "Mwenzako yuko wapi?"

Muuguzi alikuwa amechoka kupewa pole. Ukisema ukweli watu hukushika mkono, hukuinamishia kichwa, nawe unabaki kuwafariji wao.

"Anakuja," akasema.

Wale mliowahi kuwaambia wadai wenu kwamba mume hayupo na huku yuko chini ya kitanda, msimcheke. Uongo wa uchovu ni mwepesi ulimini. Tatizo ni nani anausikia.

Nyumbani alitundika vitu kabatini na kulala, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku usiku wake ni mchana. Saa nane mchana aliamshwa na mtu anayepumua.

Jua lilikuwa limejaa chumbani. Jirani alikuwa anafua. Muuguzi alifanya alichozoea kufanya: alitazama saa ya ukutani na kuhesabu. Pumzi ishirini na nane kwa dakika, fupi fupi. Mtu mzima mwenye afya hazidishi ishirini. Ishirini na nane ndiyo hesabu iliyoandikwa kwenye faili la mdogo wake alasiri ile ya homa, muuguzi akiwa wodi ya pili akimfunga mtu mwingine bandeji.

Akafungua kabati.

Miwani ilining'inia kwenye msumari, na kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukungu uliokuja na kuondoka, ukija na kuondoka, na chini yake mdomo wa njano, ambao haukuunganishwa na mtungi wowote, ulikuwa ukibonyea na kuachia kama shavu la mtoto anayenyonya, na kabatini mkatoka harufu ya mpira mpya na dawa ya bwawa, na nyuma ya harufu hiyo, nyingine aliyoifahamu, ya shuka lililolowa jasho la homa, na alipotazama sakafu akaona nyayo za maji zikitoka kabatini hadi kitandani kwake, upande wa ukutani, ambako godoro lilikuwa limebonyea na lilikuwa bado linabonyea.

Alijua angepaswa kupiga kelele. Akachukua kitambaa, akafuta maji, akalala tena upande wake.

Ndivyo ilivyokuwa siku sita. Kila alipoamka alijipima oksijeni kwa kile kidude cha kubana kidole alichotoka nacho wodini. Tisini na saba kwa mia, ya mtu mwenye afya. Tisini na tano. Siku ya sita, themanini na tisa, na ngazi tano za nyumbani zilimshinda. Hewa iliyopumuliwa kabatini haikutoka hewani. Ilikuwa yake. Aliisoma namba hiyo kama anavyosoma namba ya mgonjwa wa kitanda cha saba.

Mama yake ndiye aliyeogopa kwa niaba yake. Alimkuta kwenye ngazi, midomo imegeuka rangi. "Mwanangu, chumbani kwako kuna nani?" alinong'ona. "Mbona nasikia mnapumua wawili?"

Mama alimleta bibi mmoja aliyesifika kwa kupunga majini. Bibi hakutaka ubani wala kuku. Alikaa mbele ya kabati, akasikiliza, akauliza, "Nani alimwita?"

"Hakuna," alisema muuguzi.

"Mjukuu wangu, hawa hawaingii bila mlango. Uliulizwa nini, ukajibu nini?"

Akamsimulia.

"Basi ulisema mdogo wako anakuja, naye huyu akaja. Si mdogo wako. Ni mtu wa kukalia viti vitupu. Mwambie kiti hakina mwenyewe." Akamwinulia ule mdomo wa njano. "Sema yuko wapi."

"Ametutoka," alisema muuguzi.

Mdomo wa njano ulizidi kubonyea.

"Ametangulia. Hatunaye tena." Maneno hayo aliwaambia jamaa za wagonjwa kila wiki, yanateleza yenyewe.

"Hayo ni ya kuwafichia binadamu," bibi alisema polepole. "Jini hajui adabu za msiba. Sema."

Kifua kilimbana. Pumzi za kabatini zikaharakisha, thelathini, arobaini, na kidoleni namba ikashuka hadi themanini na moja, na muuguzi akaona, kwa mara ya kwanza kwa miezi minne, kwamba hataki kufa.

"Mdogo wangu amekufa," akasema. "Amekufa na mimi sikuwepo."

Kisha akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kamasi na yote, na alipomaliza ukungu wa kwenye kioo ulikuwa umekauka.

Bibi alimgeukia mama. "Nawe sema."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga. "Nimesema moyoni," alijibu. Bibi alimtazama kitambo, lakini alikuwa mzee na amechoka. Akaagiza vitu virudishwe dukani. Mama akasema atavipeleka yeye.

Wiki iliyofuata, namba kidoleni ikiwa tisini na nane, muuguzi alirudi kwa Mapezi kuchagua upya. Safari hii alitaka kweli kuzamia. Alivuta hewa, miwani ikashika. Akatoa pumzi, ikamwangukia kiganjani, akacheka.

"Hiyo ndiyo miwani," alisema Mapezi. Kisha akaanza kuifunga kwenye karatasi. "Mama yako ile nyingine hakuirudisha. Alikuja na mfuko, akaomba aijaribu mara moja tu, mbele ya kioo."

"Ikaanguka?"

"Niliibandua kwa kucha. Nikamwuliza, mazoea ya kazi tu, dada, nikamwuliza, nawe mama mwenzako nani? Akasema, ninaye, mwanangu mdogo. Yuko nyumbani ananisubiri."

Muuguzi alipanda zile ngazi tano bila kuhema. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umeegeshwa, jua limejaa ndani, na sakafu ilikuwa imelowa hadi kitandani. Mama alikaa ukingoni, midomo imegeuka rangi, akipapasa godoro lililobonyea. Alipomwona bintiye aliweka kidole mdomoni.

"Polepole," alinong'ona. "Ndio kwanza amelala."