Dobi Atafuta Redio

Dobi alikuwa mtu wa redio. Kila asubuhi aliwasha pasi, akafungulia redio, ndipo mkono ulipokubali kazi.

Siku moja redio iliteleza kwenye rafu, ikatumbukia chubwi ndani ya beseni la sabuni. Ikatoa mapovu, kisha kimya.

Dobi alishika kichwa. Kesho yake saa tatu asubuhi, mkewe, mkunga wa zahanati, angejibu maswali ya wasikilizaji redioni. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Dobi alitamani sana kumsikia.

"Ondoa shaka, shemeji," alisema kaka wa mkewe, dereva wa lori. Akampa kicheza muziki kidogo kama kiberiti. "Humu tunaweka programu ya redio, basi. Umepitwa na wakati wewe!"

Wakaweka programu kwa waya kutoka simu ya shemeji. Picha ya redio ikatokea, sauti haikutokea. Wakaweka nyingine. Kimya. Wakaweka ya tatu.

"Pandisha sauti," alisema shemeji.

"Sauti ipi? Nipandishe kimya?"

Wakaenda kwa jirani, mama fundi wa simu. Alifungua kifuniko, akachungulia.

"Hamna kifaa cha redio humu," alisema.

"Lakini tumeweka programu tatu!"

Fundi akacheka. "Jirani, nikikuandikia maelezo mazuri ya kunyoosha shati, na pasi huna, shati litanyooka?"

"Thubutu! Litabaki na makunyanzi yake."

"Basi programu ni maelezo. Pasi yako ni kile kifaa kinachonasa mawimbi ya redio. Kama hakimo, programu haiwezi kukitengeneza."

"Mbona simu yangu inapata redio kwa programu?" aliuliza shemeji.

"Hiyo inaletewa sauti na mtandao. Simu ina kifaa cha kunasa mtandao. Hiki hakina hata hicho."

"Na mimi kesho alfajiri naondoka na lori, na simu yangu," alisema shemeji kwa unyonge. "Nisamehe, shemeji."

Fundi akatoa kicheza muziki kingine, kikuukuu. "Hiki kina kifaa cha redio, ila programu yake imeharibika. Hapo programu mpya inasaidia." Akaiweka, kisha akachomeka waya wa kusikilizia masikioni. "Waya huu ndio antena. Usiuchomoe." Sauti ikaja, safi kabisa.

"Nikupe nini, jirani?"

"Nipe hicho chenu cha muziki. Na unifulie mapazia."

Asubuhi Dobi alinyoosha nguo, waya masikioni. Saa tatu ikafika. Sauti ya mkewe ikatoka, tulivu, ikiwaeleza wajawazito dalili za hatari na umuhimu wa kuwahi zahanati. Dobi alisimama wima. Moyo ulimjaa furaha mpaka machozi yakamlenga.

"Na kabla sijaondoka," alisema mkewe, "baba watoto, najua unanisikiliza. Angalia pasi!"

Dobi akashtuka. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la mteja. Akaiinua upesi. Shati lilikuwa limepona.

"Asante, mke wangu!" akapaza sauti.

Fundi alimsikia kutoka dukani kwake, akacheka. "Hicho kinapokea tu, jirani! Hakipeleki!"

"Basi nitamwambia akirudi," alijibu Dobi, akaendelea kunyoosha.