Waya wa Kengele ya Breki

Mwaka 1976 Mwishehe alikuwa dereva wa lori la kijiji, jirani na Maneromango. Kila Alhamisi alipeleka muhogo na machungwa sokoni Kisarawe. Alikunywa uji, akapanda lori, akaliwasha, akaondoka. Hakukagua kitu. Alikuwa ameendesha hivyo miaka kumi na moja, na sifa zilimlevya kidogo.

Lori lilikuwa na breki za upepo. Mbele ya dereva palikuwa na kengele ndogo. Upepo ukipungua, kengele hulia. Kila asubuhi ililia kidogo, upepo ukajaa, ikanyamaza. Lakini mwezi ule ilianza kulia hata njiani.

Mwishehe akaenda kwa fundi Eugenia, pale Kisarawe. Eugenia alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alijifunza kazi JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akatengeneza ndege Dar es Salaam. Wanyamwezi na Wazaramo, kabila la Mwishehe, ni watani, na wawili hawa walitaniana kila walipokutana.

"Mtani, upepo unavuja," alisema Eugenia. "Usibebe watu mpaka nipate mpira mpya wa kupitisha upepo. Ukiwabeba utawaua."

"Juzi ulisema nikifa unakuja kuchukua shati langu. Leo unataka na lori?"

"Leo sitanii."

"Mtani akisema hatanii, hapo ndipo anapotania."

Eugenia hakucheka. Alitoa daftari akaandika. Daftari lile lilimtia Mwishehe shaka. Anaandika nini huyu? Ana mdogo wake asiye na kazi, labda anamtakia lori hili. Tena yeye ndiye aliyelitia lori grisi, na baada ya hapo kengele ikaanza. Pengine amechezea waya.

Basi Mwishehe akamshuku fundi, akaacha kulishuku lori. Jioni akaukata waya wa kengele. Kelele zikaisha.

Alhamisi ilipofika, mkewe Siwema alikaa mbele na binti yao Mwanne, mtoto wa miaka mitano. Nyuma walikaa watu kumi na wawili juu ya magunia. Mmoja wao alikuwa Bi Tatu, mama yake Siwema.

"Baba Mwanne, mbona kengele hailii?" aliuliza Siwema. "Asubuhi huwa inalia."

"Imepona."

"Imepona, au imenyamazishwa?"

"Mama Mwanne, dereva ni nani humu?"

Siwema hakumwamini. Alimpakata Mwanne, akamshika kwa mikono miwili.

Karibu na Kisarawe kuna mteremko. Mwishehe alikanyaga breki. Lori halikupunguza mwendo. Akakanyaga tena, hakuna kitu. Akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akalielekeza lori kwenye kingo ya udongo. Likagonga, likasimama.

Magunia yaliwaangukia watu. Mwanne alikuwa mzima. Bi Tatu alivunjika mkono. Mwishehe alishindwa kumtazama mkwewe usoni.

Eugenia aliitwa. Alikagua chini ya lori, kisha akaingia ndani. Alitoka na ncha ya waya mkononi.

"Nani amekata huu?"

Watu walitazamana. "Si wewe?" alisema mzee Mwinyimadi, mmoja wa waliokaa nyuma. "Fundi wa lori hili ni wewe. Nani mwingine hugusa nyaya?"

Wengine wakaanza kuguna. Mwishehe angeweza kukaa kimya, na Eugenia angebeba lawama.

"Mimi ndiye niliyekata," alisema. "Nilidhani ananifanyia hila."

Bi Tatu alipelekwa hospitali. Eugenia alikaa na Mwishehe na Siwema kando ya barabara.

"Nitawaambia jambo la ndege," alisema. "Rubani mmoja alikuwa anatua. Kengele ikalia, maana magurudumu hayajashuka. Siku iliyotangulia kengele ile ililia bure, basi akaipuuza. Ndege ikatua kwa tumbo."

"Hakuwa mzoefu?" aliuliza Siwema.

"Alikuwa mzoefu kuliko wote. Ndiyo maana marubani wana karatasi. Mmoja anasoma, mwenzake anatazama na kujibu. Hawaruki mpaka wamalize. Kichwa cha mtu huzoea, Mwishehe. Karatasi haizoei."

Alifungua lile daftari. Humo alikuwa ameandika mambo ya kukagua kwenye lori, moja baada ya moja. "Nilikuwa nakuandikia wewe," alisema.

Siwema alikuwa amehitimu darasa la watu wazima mwaka uliopita. Alinakili orodha ile kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi. Lori lilipopona, yeye ndiye aliyesoma kila Alhamisi.

Wiki ya tatu watu walikuwa wameshapanda. Siwema alisimama mlangoni akasoma.

"Tairi?"

"Nimezigonga zote. Nzima."

"Maji?"

"Yamejaa."

"Oili?"

"Ipo."

"Kengele?"

"Inalia bado."

"Upepo?"

Mwishehe aliutazama mshale wa kipimo cha upepo. Alingoja. Mshale haukupanda.

"Haujafika," alisema.

"Twende, Mwishehe," alisema mzee Mwinyimadi. "Utajaa njiani. Soko halitungoji. Au unatuficha jambo?"

Mwishehe alizima lori. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Shukeni wote. Leo hatuendi."

Bi Tatu, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa, alishuka wa kwanza. Mwishehe aliingia chini ya lori, akakuta mpira mwingine wa upepo umechanika. Eugenia alikuja mchana akaubadilisha.

Machungwa yalifika sokoni kesho yake. Watu kumi na wawili walirudi majumbani kwao kwa miguu, wakinung'unika, wote wazima.