Gia Iliyonyamaza

"Martina, shusha! Shushaaa!"

Nikabonyeza swichi. Pipa halikushuka... lilianguka!

Krak! Kisha ukelele wa Bujiku. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya pipa la mawe, na mimi, badala ya kukimbilia kumtoa, nikanyoosha kidole.

"Donatus! Donatus kachezea gia yetu!"

Jamani, nilikuwa naongopa. Na nilijua naongopa.

Ngojeni niwaeleze, maana hili limenikaba tangu 1997.

Shinyanga, chuo cha ufundi. Mashindano: kila wawili watengeneze mkono wa chuma wa kunyanyua mzigo kwa mota. Washindi wanapata ajira mgodini, Bugarama. Mimi msichana peke yangu darasani, nani mwingine angeniajiri?

Gia boksi yetu tuliitoa kwenye vyuma chakavu vya mzee Ramniklal, mwenye duka la spea. Meno yake yalikuwa yamelika. Tukaijaribu. Kilo mia, kimya. Mia na hamsini, ikaanza kulia, wiiii!

"Huo mlio ndio usalama wetu," akasema Bujiku, mwenzangu wa mashindano. "Mimi nitashika pipa lisiyumbe, huku nasikiliza. Ikilia tu, nakwambia shusha."

"Na majaji wakiisikia kwenye ukaguzi? Watatutoa!"

"Watutoe. Bora kuliko kuumia."

Mimi nitolewe? Thubutu!

Asubuhi ya mashindano nikaifungua gia boksi peke yangu. Nikachanganya grisi na unga wa mbao, nikashindilia mpaka ikajaa. Ndio ujanja wa wanaouza magari mabovu huo, gia iliyokwisha inatulia kama mpya. Bujiku sikumwambia.

Majaji wakakagua. Kimya! Tukapita.

Kilo mia. Mia na hamsini. Mia mbili... Bujiku kainamisha sikio, anasubiri mlio. Mlio haukuja, jamani. Nilikuwa nimeuziba mimi! Alipoona chuma kinatetemeka ndipo akapiga kelele, na meno ya gia yakakatika yote kwa mpigo.

Vidole vitatu vilikwenda.

Donatus, mshindani wetu darasani, alikuja kuazima spana kwetu asubuhi ile, watu walimwona. Ikatosha. Akafukuzwa chuo. Alipita mbele yangu na begi lake, akasimama.

"Martina, nimekukosea nini?"

Nikatazama chini. Baadaye nikasikia kaenda kuchimba Geita. Basi, sikusikia tena habari zake.

Bujiku nikamuuguza. Nikamfulia, nikamlisha, akanioa. Watu wakasema, huyu mwanamke ana moyo! Mngejua...

Sasa tuna mashine ya kusaga, hapa Segese. Ikiunguruma nina amani. Ikinyamaza ghafla, mayo wane, mama yangu! Naruka, namwona Donatus mlangoni na begi lake. Miaka yote hiyo!

Wiki iliyopita nikashindwa.

"Baba Limi, ile gia..."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?!"

"Grisi ilinirukia usoni siku ile. Ilikuwa na unga wa mbao. Na gauni lako lilikuwa na unga wa mbao, Mama Limi."



"Ukaninyamazia?!"

"Ningesema, ungefukuzwa wewe. Nilikuwa nakupenda." Akautazama mkono wake. "Vidole nilikusamehe siku ileile. Ila nikimkumbuka Donatus, chakula hakipiti."

Kumbe tulikuwa tunaishi na mzimu mmoja, kila mtu anamficha mwenzake!

Tumemtafuta Geita, machimbo kwa machimbo. Hatujampata. Ndiyo maana leo nimeandika.

Nyie mnaosoma, kitu kikianza kulia, kisikilizeni. Iwe gia, iwe roho yako mwenyewe. Mimi nilivinyamazisha vyote viwili, na aliyebeba mzigo ni mtu asiye na kosa.

Msinihurumie kwenye komenti. Isambazeni tu, labda itamfikia.

Donatus Mageni, hukugusa gia yetu. Ni mimi, Martina. Uliniuliza swali pale chuoni sikukujibu.

Hukunikosea chochote.